Sindano ya Uhai na Sindano ya Ujana

Wahenga walisema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Siku hizi wametokea watu wanaodai kwamba unarudi, tena unarudi kwa sindano, mradi mteja awe na fedha. Matangazo yao hutufikia hata huku Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya simu za mkononi: kichupa cha unga mweupe, bomba la sindano, na picha ya mzee wa miaka 70 mwenye kifua cha kijana wa miaka 20. Dawa hizo huitwa peptidi, na shughuli yenyewe wenyewe wameipa jina la utabibu wa kuudhibiti uzee.

Twapenda leo kulizungumza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ukweli na uongo vimechanganywa, na mchanganyiko wa namna hiyo huwapoteza watu upesi kuliko uongo mtupu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali kama kawaida ya majira hayo, tulisimama karibu na dirisha la wazee katika hospitali moja ya mkoa huu. Ukutani palikuwa na tangazo la kuwataka watu wampishe mzee apate huduma kwanza. Mbele yetu alikuwapo mstaafu mmoja wa reli, mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyekuja kuchukua insulini. Insulini aliipata. Vijiti vya kupimia sukari hakuvipata. Aliambiwa vimekwisha, akanunue nje. Mzee yule alizihesabu noti zake mara mbili, akazirudisha mfukoni, akasema kwamba ataendelea kujichoma kwa kukisia, kama alivyofanya mwezi uliopita.

Kukisia kipimo cha insulini si jambo dogo. Ikizidi, sukari hushuka ghafula. Mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na aweza kuzimia na kufa. Ikipungua, sukari hupanda, na baada ya miaka huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu. Mzee yule basi alikuwa akitembea usiku juu ya daraja lisilo na kingo.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo twataka kila msomaji alishike. Kile kichupa alichokuwa nacho mzee mkononi kilikuwa na peptidi. Insulini ni peptidi, tena ndiyo dawa maarufu kuliko zote za namna hiyo. Kwa hiyo Mbeya haihitaji kungoja matangazo ya simu ili iingie katika zama za peptidi. Imo ndani yake siku nyingi. La kuuliza ni kwamba peptidi zipi ziwafikie wazee wetu, na kwa faida ya nani.

Peptidi ni kitu gani

Mwili wa binadamu umejengwa kwa protini, na protini zimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Tuvifananishe vipande hivyo na shanga. Ukizitunga shanga chache katika uzi mmoja umepata peptidi. Ukizitunga mamia kwa mamia umepata protini. Mpangilio wa shanga ndio unaoamua kazi ya uzi. Uzi mmoja huamuru sukari iingie katika misuli, mwingine huamuru mji wa mimba ukaze, na mwingine huuarifu ubongo kwamba tumbo limeshiba. Peptidi nyingi basi ni matarishi wa mwili: hubeba amri kutoka kiungo kimoja kwenda kingine.

Oksitosini ina shanga 9 tu. Ndiyo sindano ambayo wakunga humchoma mama mara tu mtoto anapozaliwa, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, aliweza kuitengeneza katika maabara mwaka 1953, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Insulini ina shanga 51 katika nyuzi mbili. Frederick Sanger wa Cambridge alimaliza kuusoma mpangilio wake mwaka 1955, naye akapewa tuzo hiyo mwaka 1958.

Kwa kuwa tumbo huisaga peptidi kama linavyosaga maharage na nyama, nyingi katika dawa hizi hazifai kumezwa. Hapana budi zichomwe. Kadhalika nyingi haziwezi joto. Mambo mawili hayo, sindano na ubaridi, ndiyo yanayozifanya zimwelemee mtu maskini, nasi tutayarudia mbele.

Ndoto ya zamani

Hamu ya kuurudisha ujana kwa sindano si mpya. Charles-Édouard Brown-Séquard, tabibu aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari hii yetu ya Hindi, alikuwa mtu mwenye heshima kubwa katika elimu ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, aliwatangazia wataalamu wenzake mjini Paris kwamba amejichoma maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, na kwamba nguvu zake zimerudi. Mara moja wachuuzi wakajaa kila mahali wakiuza maji hayo. Mwenyewe alifariki mwaka 1894. Baadaye wataalamu walifahamu kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Kilichompa nguvu kilikuwa matumaini yake mwenyewe.

Miaka 101 baadaye hadithi ilijirudia kwa sura nyingine. Chini ya ubongo iko tezi ndogo itoayo homoni ya ukuaji, ambayo ni uzi wa shanga 191. Homoni hiyo humkuza mtoto, na hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Hapo zamani ilikamuliwa kutoka katika vichwa vya maiti, mpaka ilipogunduliwa mwaka 1985 kwamba baadhi ya waliochomwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo ulioletwa na dawa yenyewe. Tangu hapo imekuwa ikitengenezwa katika maabara.

Mwezi wa Julai 1990 daktari Daniel Rudman na wenzake wa Marekani walitoa habari za wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili kati yao walichomwa homoni hiyo kwa miezi sita. Nyama za mwili ziliongezeka kwa asilimia 8.8, na mafuta yalipungua kwa asilimia 14.4. Hesabu hizo ni za kweli. Lakini utafiti ule haukuonyesha kwamba wazee wale waliweza kubeba mzigo mzito zaidi, wala kupanda mlima kwa urahisi zaidi, wala kuishi siku moja zaidi. Wachuuzi hawakujali. Karatasi ile moja ikawa bendera ya biashara nzima, hata jarida lililoichapisha likalazimika mwaka 2003 kukemea hadharani namna ilivyokuwa ikitumiwa.

Wataalamu wengine waliendelea kupima. Walikuta kwamba nyama zaongezeka lakini nguvu haziongezeki pamoja nazo. Mwaka 2007 majaribio mbalimbali yaliyofanywa kwa wazee wenye afya yalikusanywa na kupimwa kwa pamoja: faida ilikuwa ndogo, na madhara yalikuwa mengi, yaani kuvimba mwili, maumivu ya viungo, ganzi ya mikono, na dalili za sukari kupanda. Sheria ya Marekani yenyewe hairuhusu homoni hiyo kugawiwa watu kwa ajili ya kuzuia uzee.

Tena liko jambo la kustaajabisha zaidi. Panya waliozaliwa bila homoni ya ukuaji huishi muda mrefu kuliko wenzao. Nchini Ecuador wako watu wafupi sana ambao miili yao, kwa kurithi, haiisikii homoni hiyo. Wataalamu waliwafuatilia watu wapatao 100 wa namna hiyo kwa miaka 22, na walipotoa habari zao mwaka 2011 hakuonekana hata mmoja mwenye kisukari. Kwa hiyo huenda kupungua kwa homoni uzeeni si kasoro ya kuzibwa kwa sindano. Huenda ni busara ya mwili, kama mkulima anayepunguza mbolea mahindi yanapokaribia kukauka.

Bidhaa za leo

Biashara ya leo imepanua duka lake. Ziko peptidi zinazodaiwa kuiamsha tezi ili itoe homoni nyingi. Iko iitwayo BPC-157, inayosifiwa kuponya kano na viungo, ingawa karibu yote yanayojulikana juu yake yametoka kwa panya na wanyama wengine. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta hatari kubwa vikichanganywa katika maduka ya dawa, na wasimamizi wa michezo duniani waliipiga marufuku kwa wanamichezo mwaka 2022. Mara nyingi vichupa vya namna hii huuzwa na kibandiko kisemacho kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Muuzaji basi amekwisha kujitoa mapema katika lawama, na mnunuzi amegeuzwa panya wa maabara anayejilipia gharama mwenyewe.

Hapa Afrika Mashariki peptidi iliyotangulia kuingia kwa mlango huo ni glutathioni, uzi wa shanga 3 tu. Mwili huitengeneza wenyewe. Wachuuzi huiuza kwa vidonge na sindano, wakidai kwamba hung'arisha ngozi na kuondoa makunyanzi. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambayo biashara hiyo ilishamiri mapema, ilionya mwaka 2011 kwamba sindano hizo zaweza kudhuru ini, figo na mishipa ya fahamu. Ni aibu kwetu sisi tuliopigania utu wa mtu mweusi kwamba kijana wa leo, awe wa Mwanjelwa au wa Kariakoo, anauziwa sindano ya kuifuta rangi yake, tena anaambiwa kwamba ndiyo afya.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila peptidi mpya ni ulaghai. Mwaka 2002 ilianza kutumiwa teriparatidi, kipande cha homoni chenye shanga 34, kwa wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi na yavunjika ovyo. Mwaka 2005 ilianza dawa ya kisukari iliyotokana na uchunguzi wa mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani. Ukoo wa dawa hiyo umezaa semaglutaidi, ambayo huteremsha sukari na kupunguza hamu ya chakula. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na unene wa kupita kiasi: waliochomwa semaglutaidi walipatwa na kiharusi, shambulio la moyo na kifo cha moyo kwa kiasi cha asilimia 20 pungufu kuliko wenzao. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za ukoo huo katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha ukubwani ambao pia wana ugonjwa wa moyo au wa figo pamoja na unene uliozidi.

Hiyo ndiyo peptidi iliyofika mbele ya watu kwa njia halali. Lakini hata yenyewe ina masharti. Humletea mtu kichefuchefu na kutapika, na pamoja na mafuta huondoa nyama za mwili, jambo lisilomfaa mzee aliyekwisha kukonda. Na kwa kuwa bei yake ni kubwa, bandia zimefuata nyuma kama fisi: mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba semaglutaidi bandia zimeonekana nchini Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zenye maabara kila mji zimeingiliwa, je, sisi wenye mpaka kama wa Tunduma, ambapo malori hayalali, tutasema kwamba hayatuhusu?

Mbeya yalijua jaribio la kweli

Msomaji aweza kuuliza: mimi si mtaalamu, nitaijuaje dawa ya kweli? Jibu lake wananchi wa Mbeya wanalo nyumbani kwao.

Mji wetu una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na UKIMWI na kifua kikuu. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mahali panne palipofanyiwa jaribio la chanjo za UKIMWI lililoitwa PrEPVacc, pamoja na Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban nchini Afrika ya Kusini. Watu 1,512 walijitolea. Walielezwa hatari kabla ya kuanza, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakachomwa chanjo na wengine maji yasiyo na dawa, na kamati ya nje ikawa inazichungulia hesabu. Mwishoni mwa 2023 kamati hiyo ilipoona kwamba chanjo hazionyeshi dalili ya kufaulu, uchomaji ulisimamishwa, na dunia nzima ikaambiwa.

Wako waliosikitika. Sisi twaona kwamba ile ilikuwa siku ya heshima kwa mji huu. Elimu iliyo tayari kusema mbele ya watu kwamba hatukufaulu, ndiyo elimu ya kuaminiwa siku itakaposema tumefaulu. Sasa na tumwulize mchuuzi wa ujana: ni watu wangapi uliowapima? Waliopewa maji matupu ni wangapi? Ni nani wa nje aliyezichungulia hesabu zako? Na ni lini uliwahi kutangaza kwamba dawa yako imeshindwa? Hana jibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala tusijifanye kwamba ni wajinga peke yao wanaopotezwa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kilichosemwa kwamba huponya kisukari, UKIMWI na magonjwa mengine makubwa. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri. Wako walioacha dawa zao baada ya kunywa, na kati ya hao wako waliolipa kwa maisha yao. Kikombe kile kilikuwa cha bei rahisi. Hasara ilikuja kwa kuacha dawa. Kwa sindano za ujana hasara ni mbili, kwa maana bei nayo ni kubwa.

Hali ya mzee mwenye kisukari

Turudi kwa yule mstaafu wa dirishani. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima vijiji kadhaa vya Tanzania, wakakuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, wa mijini na vijijini pamoja, ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64. Ingawa vipimo viwili hivyo havikufanywa kwa namna moja, hapana shaka kwamba mambo yamegeuka. Tumeacha kutembea, tumezidisha soda, chipsi na mafuta, na tumeishi miaka mingi zaidi.

Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na wenzake. Mwezi wa Januari 1922 ilichomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu, naye akaishi. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna yake alikuwa wa kuzikwa. Mwaka 1923 wavumbuzi waliukabidhi Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola moja kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ya uhai iwe mali ya mtu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, insulini ilikuwamo. Lakini zaidi ya miaka 100 baada ya ile dola moja, sehemu kubwa ya insulini ya dunia imo mikononi mwa makampuni matatu, na wako wazee na watoto wa Afrika wanaokufa kwa kuikosa. Huo ndio unyonyaji uliovaa koti jeupe.

Hata ikipatikana, kazi haijaisha. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kikae katika ubaridi wa digrii 2 hadi 8. Kilichofunguliwa hukaa nje ya jokofu kwa muda wa wiki nne hivi, mradi joto lisiwe kubwa. Hapa Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hali ya hewa yatusaidia. Lakini teremka mpaka Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, palipo chini kwa zaidi ya mita 1,000: joto la huko laweza kuua insulini ndani ya nyumba ya bati bila mwenyewe kujua, maana dawa iliyokufa mara nyingi hufanana na iliyo hai. Mkulima wa mpunga asiye na jokofu na atumie mtungi. Mtungi wa udongo, wenye maji kidogo nje yake au kati ya vyungu viwili, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto kwa digrii kadhaa. Wagonjwa wa nchi nyingi za joto huutumia, na vipimo vimeonyesha kwamba wafaa. Naye mwenye jokofu asiiweke insulini karibu na barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena.

Huo ndio utabibu wa kuudhibiti uzee unaotufaa. Hauna picha ya kifua cha kijana. Una mtungi, kijiti cha kupimia, muuguzi anayejua kusoma kipimo, na mjukuu anayejua kumpa babu yake maji ya sukari anapomwona anatetemeka. Pamoja na hayo una mambo yasiyouzwa katika chupa: kutembea kila siku, kupunguza chumvi na pombe, kuacha tumbaku, kupima shinikizo la damu, kula maharage, mboga na matunda ambayo Rungwe na Uyole huvilisha miji ya mbali huku wenyewe tukikimbilia vyakula vya kukaanga. Mpaka leo haijatokea peptidi iliyothibitishwa kumwongezea binadamu mwenye afya miaka ya kuishi. Kupima shinikizo la damu na kulitibu kumekwisha kuwaongezea wengi.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wazee tu. Katika mikoa hii ya Mbeya, Iringa na Njombe, UKIMWI uliwachukua wazazi wengi, na mabibi na mababu ndio waliowalea yatima, wakawalipia daftari na sare kwa mazao ya vishamba vyao. Mzee akikatwa mguu kwa kisukari, si mguu wake peke yake uliokatika. Nyumba nzima imechechemea.

La kufanya

Nchi yetu haikukosa maagizo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Sera ya afya ya mwaka 2007 ikaagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini mzee hajichomi sera. Kati ya karatasi ya Dodoma na dirisha la Mbeya kuna safari ndefu, na kazi ya Chama ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachodondoka njiani.

Kwanza, twataka insulini ihesabiwe pamoja na vijiti vyake. Kumpa mzee insulini bila kijiti ni kumpa dereva lori lisilo na taa. Bohari ya Dawa, hospitali na halmashauri na zivihesabu vitu viwili hivi kama kitu kimoja, na kimojawapo kikikosekana isemwe kwamba dawa imekosekana.

Pili, jokofu la dawa katika kituo cha afya si pambo. Kamati za siasa za wilaya zinapokagua miradi, pamoja na kutazama matofali na mabati, na zifungue jokofu, zisome kipimajoto, ziulize umeme ulikatika lini na dawa zilihamishiwa wapi.

Tatu, wanachama na viongozi wa mashina na wawe macho. Anayechoma watu sindano za ujana au za kung'arisha ngozi katika saluni au chumbani na aripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Kumripoti si fitina. Ni kumlinda jirani asije akapoteza figo kwa ajili ya uso.

Nne, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, wa reli, wa saruji na wa viwanda vingine, kwa njia ya vyama vyao, na wadai kipimo cha sukari na shinikizo la damu kila mwaka kazini. Kisukari kinachogunduliwa mtu akiwa na miaka 40 hutibiwa kwa gharama ndogo. Kinachogunduliwa akiwa na miaka 60, jicho limekwisha kufa, ni msiba.

Tano, Serikali na ijiandae mapema kwa peptidi mpya zilizothibitishwa. Haki za uvumbuzi wa semaglutaidi zilipangiwa kumalizika katika nchi kadhaa, India ikiwamo, mwaka 2026, na hapo viwanda vingine vyaweza kuitengeneza kwa bei ndogo. Tusingoje mpaka iwe dawa ya wakubwa wa mjini wanaotaka kupunguza matumbo, huku mgonjwa wa moyo wa Chunya akiisikia redioni tu. Ikiletwa, na iletwe kwa njia ya hospitali, kwa cheti cha daktari, na kwa wale wanaostahili kwanza.

Tangu uhuru taifa hili liliwatambua maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mchuuzi wa ujana huwatumia wote watatu kwa pamoja. Ujinga humpatia mteja, maradhi humpatia sababu, na umaskini ndio anaouacha nyuma yake anapoondoka.

Yule mstaafu hakuomba kurudishiwa miaka 20. Tulipoagana naye pale dirishani alituambia kwamba ana mjukuu wa darasa la sita, naye ataka kumwona akimaliza la saba. Kwa hilo ahitaji peptidi moja ya tangu 1921, na vijiti vya kuipimia. Taifa lililoweza kuunga Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa reli halishindwi kumfikishia mzee wa reli vijiti vyake.